UZI: Kupima presha nyumbani, kuanzia kufunga mkanda mpaka namba kumfikia daktari

KipimoSahihi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Mashine ya presha sasa iko kwenye nyumba nyingi, ila namba zinazotoka humo mara nyingi hazimsaidii mgonjwa wala daktari. Mzee akisikia kichwa kizito anafunga mkanda, anakuta 158, anaingiwa na hofu, anapima tena mara tano mfululizo, kisha mashine inarudi kabatini mpaka kichwa kimuume tena. Presha ya kupanda kwa kawaida haina dalili. Ukipima siku za maumivu tu, unachopata ni presha ya maumivu na wasiwasi. Ile ya kila siku, inayoharibu figo na mishipa ya ubongo kimyakimya, hujaiona.

Naomba humu tuweke mambo matatu: kupima sawasawa, mashine yenyewe, na namna ya kuzifikisha namba kwa anayeandika dawa. Mafundi wa vifaa tiba na watu wa dawa, karibuni muongezee.

Naanza na kupima.

Nusu saa kabla, acha kahawa, chai ya rangi, sigara na kazi nzito. Nenda haja ndogo kwanza, maana kibofu kilichojaa kinapandisha namba. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, mgongo uguse egemeo, nyayo zote mbili zikanyage sakafu, miguu isipishane. Stuli na ukingo wa kitanda havifai. Mkono ulale juu ya meza, kiganja kikitazama juu, na katikati ya mkanda iwe usawa wa moyo, yaani katikati ya kifua. Meza za sebuleni karibu zote ni fupi, kwa hiyo weka mto chini ya mkono mpaka ufike. Kisha tulia dakika 5. Kutulia maana yake kunyamaza: simu pembeni, runinga imezimwa, na asiyepimwa asimpigishe soga anayepimwa.

Suala la mkono watu hulipuuza, kumbe ndilo lenye hesabu kubwa. Mkanda ukiwa sentimita 10 chini ya moyo unaongeza takriban milimita 7 hadi 8 za zebaki. Watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, waliwapima watu walewale mkono ukiwa mezani, ukiwa mapajani na ukining'inia ubavuni. Matokeo yao ya 2024: mapajani namba ya juu (ile inayoandikwa kwanza) ilizidi kwa karibu 4, ukining'inia ilizidi kwa karibu 6.5. Hiyo inatosha kumtoa mtu kwenye 132 akaandikiwa 138, akaongezewa kidonge asichokihitaji.

Ratiba ni hii. Asubuhi vipimo viwili, vikiachana dakika moja, kabla ya kifungua kinywa na kabla ya dawa. Jioni viwili vingine, na saa isiwe inabadilikabadilika. Siku 7. Siku ya kwanza usiihesabu, mwili bado unaizoea mashine. Zinabaki siku 6, vipimo 24. Jumlisha namba zote za juu ugawe kwa 24, za chini vivyo hivyo. Ikishindikana wiki nzima, usishuke chini ya siku 3.

Tazama siku moja tu: asubuhi 148/92 na 141/88, jioni 136/85 na 133/83. Wastani wa siku hiyo ni 139.5 kwa 87. Aliyeandika 148 peke yake ataonekana mgonjwa sana, aliyechagua 133 ataonekana mzima, na wote wamepima mkono uleule siku ileile.

Wastani wa nyumbani wa 135/85 ndio unaolingana na 140/90 ya kliniki kwa miongozo ya Ulaya na Uingereza. Wamarekani tangu 2017 wanaanzia 130/80, nyumbani na kliniki. Kama tayari uko kwenye dawa, lengo akupe daktari wako, kwa sababu la mzee wa miaka 85 anayepata kizunguzungu akisimama haliwezi kuwa sawa na la mtu wa miaka 40 mwenye kisukari.

Wiki kamili ya vipimo inafanywa wakati wa kutafuta kama presha ipo kweli, wiki moja kabla ya kwenda kliniki, na baada ya dawa kubadilishwa. Katikati hapo mara moja au mbili kwa wiki zinatosha. Kujipima kila saa ni kujitafutia wasiwasi, na wasiwasi nao unapandisha presha.

---

BintiUkunda

Ahsante sana mkuu. Maswali mawili. Mkono upi, kulia au kushoto? Na kipimo cha kwanza kikiwa juu halafu cha pili kikashuka, si nifute cha kwanza?

---

KipimoSahihi

Dada, siku ya kwanza kabisa pima mikono yote miwili. Wenye namba kubwa ndio unaokaa nao siku zote. Tofauti ndogo ni kawaida. Ikizidi 15 kwenye namba ya juu, na ikajirudia siku nyingine, mwambie daktari, kwani inaweza kuwa ishara ya mshipa uliobanwa upande mmoja.

Kuna mikono isiyofungwa mkanda: wenye fistula ya kusafishia damu, kamwe, na upande alioondolewa tezi za kwapani kwa upasuaji wa titi, uliza kwanza.

Usifute kipimo. Cha kwanza karibu siku zote kinazidi cha pili, na ndiyo sababu tunachukua viwili. Ukianza kuchagua, wastani wako unakuwa wa namba ulizozipenda. Unachoruhusiwa kutupa ni kile ulichojua kimeharibika kabla hujaona namba: ulikohoa, mtoto alikuvuta mkono, mkanda ulifunguka.

---

FundiVipimo

Naongezea upande wa mashine, maana watu wengi wanadhani inasikiliza kama daktari anavyosikiliza.

Daktari mwenye stetoskopu anasikiliza sauti alizozieleza Korotkoff mwaka 1905. Mashine ya betri haisikilizi chochote. Pampu inajaza hewa mpaka mshipa unabanwa, kisha vali inaachia hewa taratibu huku kihisio kikisoma mitikisiko midogo ya hewa inayosababishwa na mshipa kupiga chini ya mkanda. Mitikisiko inakua, inafika kileleni, inafifia. Kileleni ndipo ilipo presha ya wastani ya mshipa, iliyo kati ya namba ya juu na ya chini. Namba ya juu na ya chini mashine inazikokotoa kutokana na umbo la mitikisiko hiyo, kwa fomula ambayo kila kiwanda kina yake.

Ukishalijua hilo, mengi yanaeleweka. Ukitikisa kidole, mashine inasoma mtikisiko usio wa moyo. Ukipimia ndani ya daladala, inasoma daladala. Ukitumia mkanda wa kampuni nyingine kwa kuwa plagi imeingia, fomula inakokotoa kwa mkanda isioujua. Mkanda wa akiba ununue wa modeli ileile.

Ukubwa wa mkanda ndio kosa ninalolipigia kelele kuliko yote. Chukua futi ya fundi cherehani, pima mzunguko wa mkono wa juu katikati ya ncha ya bega na kiwiko, mkono ukining'inia. Mkanda wa kawaida unaokuja na mashine nyingi ni wa sentimita 22 hadi 32. Mkono wa 32 hadi 42 unataka mkanda mkubwa. Siku hizi ipo pia ya 22 hadi 42. Kipimo kimechapishwa kwenye mkanda wenyewe, na pana mstari na mshale: ukishafunga, mshale lazima uangukie ndani ya eneo lililochorwa.

Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unasoma juu kupita kiasi. Utafiti mwingine wa Johns Hopkins, wa 2023, ulionyesha kwamba mtu anayehitaji mkanda mkubwa akifungwa wa kawaida, namba ya juu inazidi kwa karibu 5. Anayehitaji ule mkubwa zaidi akifungwa wa kawaida, inazidi kwa karibu 20. Ishirini, ndugu zangu! Mtu ana 128 anaambiwa ana 148, anaanza dawa za maisha. Mkanda mkubwa kwa mkono mwembamba unakosea upande wa pili, unashusha.

Kufunga: ukingo wa chini uwe sentimita 2 hadi 3 juu ya mkunjo wa kiwiko, mpira wa hewa ushuke upande wa ndani ukielekea kidole cha kati, na vidole viwili vipite chini ya mkanda. Mkono uwe wazi. Shati la mikono mirefu usilikunje kwenda juu, ule mviringo wa nguo unabana mshipa kabla mkanda haujabana. Toa mkono nje ya nguo. Akina mama wenye buibui, vaeni ndani kitu cha mikono mifupi siku za kupima, inarahisisha.

Mashine ya kiganjani, yaani ya kufungwa kwenye kifundo cha mkono, mimi siishauri mpaka pale mkono wa juu unaposhindikana kabisa kufungwa. Ikishuka kidogo tu kutoka usawa wa moyo, namba imeharibika.

---

Kisauni1

Fundi, mashine inavuma muda mrefu, inaongeza hewa mara mbili tatu, mwisho inaleta kosa. Ni ya kutupa?

---

FundiVipimo

Usitupe kwanza. Fuata mpangilio huu.

Anza na betri. Nyingi zinatumia nne za AA. Zile za bei ya chini zisizo za alkalini zinaonyesha nguvu ukiwasha skrini, lakini pampu ikianza kuvuta volti zinaporomoka. Weka alkalini mpya zote nne kwa pamoja, usichanganye mpya na za zamani. Ukikaa zaidi ya mwezi bila kupima, zitoe. Zikivuja, chumvi yake inakula vibati vya ndani.

Zikiwa nzima, tafuta uvujaji. Sikiliza mlio wa "sss" pale mpira unapoingia kwenye plagi. Mpira hupasuka hapo kwa kuwa watu wanauzungushia mashine na kuukunja wakati wa kuhifadhi. Kama haujaumbwa pamoja na plagi, kata sentimita moja iliyochoka, uchomeke tena. Kama mfuko wa ndani ya mkanda ndio umetoboka, nunua mkanda, gundi ya baiskeli usiijaribu.

Ikiendelea kukosea na mkanda mzima, angalia mgonjwa: mkanda umelegea? Anaongea? Mapigo yake yanarukaruka? Mashine inaongeza hewa mara ya pili pale ilipokisia chini kuliko presha halisi, kwa hiyo kuongeza mara moja siyo ugonjwa.

Joto pia. Nyingi zimetengenezwa kufanya kazi kati ya nyuzi 10 na 40. Iliyoachwa ndani ya gari juani Mombasa au Dar, ilete ndani ikae nusu saa kabla ya kupima.

Kila mwaka au miwili ilinganishe na ya kliniki. Kaa, tulia, mkono uleule, pokezana: ya kwako, ya kliniki, ya kwako, ya kliniki, ya kwako, kwa kuachana dakika moja. Wastani ukitofautiana kwa 5 au chini ya hapo, endelea nayo. Ikizidi 10, badilisha. Hapo katikati, rudia siku nyingine.

---

Mwana_Muscat

Nataka kumtumia mama mashine kutoka huku. Madukani zote zimeandikwa "imeidhinishwa". Nichague kwa kigezo gani?

---

FundiVipimo

Neno hilo lina maana mbili. Ruhusa ya kuuzwa ni jambo moja, kuthibitishwa usahihi kwa watu ni jambo jingine. Uthibitisho wenyewe unafuata kiwango cha ISO 81060-2: watu wasiopungua 85, mashine ikilinganishwa na wapimaji wawili wenye stetoskopu, na tofauti ya wastani isizidi 5. Mashine zilizofaulu zimeorodheshwa kwenye tovuti ya STRIDE BP, bure. Tafuta kwa namba ya modeli iliyo mgongoni mwa mashine, herufi kwa herufi. Jina la kampuni halitoshi, kampuni moja inaweza kuwa na modeli iliyofaulu na nyingine isiyopimwa kabisa.

Kabla ya kulipa, pata mzunguko wa mkono wa mama. Mpigie, mtu aliye karibu naye apime kwa futi. Nimeona niliseme kabla hujauliza bei.

Angalia na adapta. Oman umeme ni wa karibu 240 kama nyumbani Afrika Mashariki, hakuna tabu. Anayenunua Marekani asome kibandiko: adapta iliyoandikwa 120V pekee itaungua siku ya kwanza. Ya 100 hadi 240 ni salama, inataka kibadili soketi tu.

---

Jua_Kali_Kisumu

Vipi saa za mkononi na programu za simu? Kuna ya kuweka kidole kwenye kamera inaleta presha bila mkanda wowote.

---

DataNaAfya

Ya kidole kwenye kamera, ifute leo. Marekani ilikuwepo moja iitwayo Instant Blood Pressure, ikauzwa kwa maelfu 2014 na 2015. Watafiti walipoipima, wakachapisha 2016: katika kila watu 10 waliokuwa na presha ya juu kweli, karibu 8 iliwaambia wako sawa. Mwaka huohuo tume ya biashara ya huko, FTC, ikaibana kampuni iliyoiuza kwa madai ya uongo. Ninayoiogopa ni ile namba nzuri isiyo ya kweli. Mtu anaiamini, anaacha dawa.

Saa ni habari tofauti kidogo. Zile zinazotoa namba ya presha kwa mwanga wa kwenye ngozi zinahitaji kurekebishwa kwa mashine ya mkanda. Ya Samsung inataka kila siku 28. Maana yake mkanda unauhitaji vilevile, na makosa ya mkanda wako saa inayabeba mwezi mzima. Miongozo ya Ulaya ya 2023 haijazikubali mashine zisizo na mkanda kwa kutambua ugonjwa wala kurekebisha dawa. Saa itumie kwa hatua na usingizi.

Sasa niingie kwenye kiini, kwa sababu hapa ndipo teknolojia inaposifiwa kwa kitu isichokifanya. Mwaka 2017 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya majaribio mengi ya kujipima nyumbani. Kujipima peke yake, bila kitu kingine, hakukushusha presha kwa kiasi cha maana baada ya mwaka. Kujipima pamoja na msaada wa karibu, yaani mfamasia au nesi anayezipokea namba, kurekebisha dawa na kushauri, kulishusha namba ya juu kwa takriban 6 zaidi ya huduma ya kawaida. Uingereza nako, jaribio la TASMINH4 la 2018, lenye wagonjwa zaidi ya 1,100: waliojipima wakampelekea daktari namba kwa karatasi walifika wastani wa 137, waliotuma kwa meseji 136, na waliopimwa kliniki kama kawaida 140. Karatasi na meseji ziliishia karibu sawa. Kilicholeta tofauti ni kwamba daktari aliziona namba za nyumbani na akabadilisha dawa kwa kuzifuata.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza programu ipi, uliza: nani atazisoma, siku gani, na zikiwa juu atafanya nini? Mkubaliane haya kliniki, yaandikwe nyuma ya kadi. Mfano wa makubaliano: wastani wa wiki chini ya 135/85, endelea; 135/85 mpaka 150/95 wiki mbili mfululizo, piga simu dawa iongezwe; juu ya hapo, njoo wiki hiyohiyo. Mipaka aiweke daktari, lakini iwepo.

Kuhusu Bluetooth: mashine inaunganishwa kutokea ndani ya programu yake, usiiunganishe kwenye mipangilio ya simu, mara nyingi hapo ndipo inapogoma. Android nyingi za zamani zinataka ruhusa ya mahali iwashwe ndipo zione mashine. Weka tarehe na saa ya mashine sawa kabla ya kipimo cha kwanza, na uangalie tena kila ukibadili betri, kwa sababu baadhi zinarudi saa sifuri na asubuhi yako inaandikwa usiku wa manane wa mwaka mwingine. Kama baba na mama wanatumia mashine moja, kila mmoja ana kitufe chake cha mtumiaji. Wakichanganya, wastani unaotoka si wa baba wala wa mama.

Na siri. Taarifa za afya ni taarifa nyeti kwa sheria, Kenya tangu 2019 na Tanzania kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Programu inayotaka orodha ya majina ya simu yako ili ihifadhi presha, inataka kitu kingine. Usiweke picha za vipimo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, mtumie anayetibu.

---

Mfamasia_Tanga

Niongeze ya dawa, maana namba zikipanda watu wanakimbilia kuilaumu mashine.

Uliza kwanza nini kimemezwa wiki hii. Diklofenaki na ibuprofeni za mgongo na magoti zinapandisha presha, na zinauzwa kila kona. Dawa za mafua za kufungua pua nazo, baadhi ya vidonge vya uzazi wa mpango, steroidi. Halafu chumvi: Shirika la Afya Duniani linataka chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko cha chai kisichojaa, ikijumlisha ya kwenye mkate, papa mkavu, kachumbari na vile vichemsho vya mchuzi vya kwenye karatasi.

Usiihukumu dawa kwa siku mbili. Amlodipini, dawa ya presha, inachukua kama wiki moja kujaa mwilini kwa kiwango chake, kwa hiyo kubadilisha siku ya tatu ni kufanya haraka mno. Wiki 2 hadi 4 za vipimo baada ya mabadiliko ndizo zinazosema kitu. Kwa sababu hiyohiyo ya kukaa mwilini, ukiiruka siku moja huenda namba isipande, mtu akadhani amepona. Hajapona, dawa ya juzi bado inafanya kazi.

Mwenye kizunguzungu akisimama, mpime amekaa, kisha amesimama baada ya dakika 1 na dakika 3, mkono ukishikiliwa usawa wa moyo. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au ya chini kwa 10, mweleze daktari kabla hajaanguka bafuni.

---

BintiUkunda

Na ikitokea 190/115 ghafla usiku? Wengine wanaweka nifedipini chini ya ulimi.

---

Mfamasia_Tanga

Hapana dada, tafadhali sana. Nifedipini ya haraka chini ya ulimi inaporomosha presha kwa kasi, ubongo na moyo vinakosa damu, mtu anapata kiharusi kutokana na dawa. Ni jambo lililokatazwa tangu miaka ya 1990.

Fanya hivi. Mkalishe, tulia dakika 5, angalia mkanda, pima tena. Kama bado ni 180/110 au zaidi NA kuna lolote kati ya haya: maumivu ya kifua, kukosa pumzi, mkono au mguu mmoja kulegea, mdomo kwenda upande, maneno kukwama, macho kutoona vizuri, kichwa kuuma kuliko kawaida, kuchanganyikiwa: hospitali sasa hivi, usingoje kipimo cha tatu. Kama hana dalili yoyote, angalia kama alimeza dozi yake ya leo. Kama aliisahau, mpe ile ya kawaida moja, asizidishe. Kisha wasiliana na kliniki ndani ya siku moja. Na mwenye mdomo uliopinda aende hata mashine ikionyesha 130.

Mjamzito ana mipaka yake: 140/90 aonekane siku hiyohiyo, 160/110 ni dharura hata kama anajisikia mzima. Mashine yake iwe imethibitishwa kwa wajawazito, STRIDE BP wana orodha yao peke yake, kwa kuwa kwenye dalili za kifafa cha mimba mashine nyingi husoma chini kuliko hali halisi.

---

Kisauni1

Na mwezi wa Ramadhani tupime saa ngapi? Pia yangu inaleta alama ya moyo unaorukaruka.

---

KipimoSahihi

Ramadhani: badala ya asubuhi pima kabla ya daku, na jioni saa moja au mbili baada ya futari, siyo papo hapo baada ya kushiba. Saa za dawa zipangwe na daktari wiki kadhaa kabla ya mfungo, hasa dawa za kukojoza maji, maana kiu ya mchana na dawa hizo vikikutana presha inashuka mno. Ukijipima mchana, mkanda hauingizi kitu mwilini.

Alama ya moyo: ikitokea mara moja, huenda ulisogea. Ikijirudia siku tofauti, nenda ukapimwe ECG, kipimo cha umeme wa moyo, inaweza kuwa mapigo yasiyo na mpangilio, yanayoleta kiharusi yenyewe kwa yenyewe. Kwa watu hao mitikisiko haifanani pigo hadi pigo, basi chukua vipimo vitatu kila mara na utumie wastani wa vitatu hivyo.

---

Mwana_Muscat

Mama hana simu janja, ana kitochi. Afanyeje?

---

DataNaAfya

Daftari la shule la kurasa 32 linatosha. Ukurasa mmoja kwa wiki: tarehe, asubuhi 1, asubuhi 2, jioni 1, jioni 2, mapigo, na safu ya mwisho "dawa nimekunywa?" Aandike namba kama ilivyo kwenye skrini, 137 ibaki 137, isiwe 135 wala 140. Mashine iwe na kumbukumbu, ili nesi alinganishe na daftari. Watu huandika namba za kumfurahisha daktari bila nia mbaya.

Jumamosi mpigie akusomee, wewe ukokotoe, umtumie anayemtibu meseji moja ya namna hii:

"Bi. M., miaka 61. Tarehe 3 hadi 9, siku ya kwanza haimo, vipimo 24. Wastani 142/88, mapigo 76. Kubwa 156/94 Jumanne asubuhi, ndogo 131/82. Amlodipini 5 mg kila jioni, amekosa dozi 1. Miguu inavimba jioni. Mkanda wa 32–42, mkono wa kulia."

Hapo daktari ana kila kitu cha kuamulia: wastani, dozi iliyokosekana, uvimbe ambao huenda ni wa amlodipini yenyewe, na uhakika kwamba mkanda ulimtosha. Akikujibu abadilishe dawa, andika tarehe ya mabadiliko kwa kalamu nyekundu katikati ya ukurasa, wiki 2 za kuhesabu zianzie hapo.